Nyumba za Kale za Rongai na Kazi ya Kuzifufua

Msafiri atokaye Nakuru kwenda Eldoret huuacha mlima wa Menengai mkono wake wa kuume, kisha huingia katika nchi pana ya mashamba, ambayo msimu mmoja ni ya kijani kibichi na msimu mwingine ina rangi ya mabua makavu. Hiyo ndiyo Rongai ya Nakuru. Isichanganywe na Ongata Rongai iliyo karibu na Nairobi, ingawa majina yote mawili yametoka katika lugha ya Kimaasai, na maana yake ni wembamba. Upande wa kaskazini nchi hushuka polepole pamoja na Mto Molo uendao Ziwa Baringo. Upande wa magharibi umesimama mlima wa Londiani. Reli iendayo Eldoret hupita hapo ikielekea kupanda, mpaka ifike karibu na Timboroa, palipo juu zaidi ya futi 9,000 kutoka usawa wa bahari.

Apitaye kwa gari katika barabara kuu huona mahindi, ng'ombe na malori ya mizigo, wala haoni jambo la kumsimamisha. Lakini akiiacha barabara hiyo na kufuata njia za vumbi, ataona hapa na pale safu ya miti mirefu iliyopandwa kwa mkono wa mtu, na mwisho wa safu hiyo paa la nyumba ya zamani. Baadhi ya nyumba hizo zingali imara na zina watu. Nyingine zimefanywa ghala, au ofisi, au madarasa. Nyingine zimekwisha anguka, likabaki dohani la mawe peke yake katikati ya mahindi, kama mzee aliyefiwa na jamaa zake wote.

Habari hii yahusu nyumba za namna hiyo: zilijengwa na nani, na kwa vitu gani, na je, yafaa zibomolewe, au zitengenezwe zipate kuwa hoteli ndogo za kupokea wageni? Swali hili si la matajiri peke yao. Baada ya uhuru mashamba mengi ya Nakuru yalinunuliwa na vyama vya wakulima waliochanga fedha zao, kisha yakagawanywa. Ardhi ilipogawanywa, nyumba kubwa iliangukia sehemu ya mtu mmoja au ikabaki mali ya chama kizima. Na mara nyingi hakuna aliyejua la kuifanyia. Paa lilipoanza kuvuja, mabati yaling'olewa yakaezeke boma la ng'ombe. Milango iliuzwa. Mvua ikamaliza kazi iliyobaki.

NCHI NA WENYEWE

Kabla ya reli, Wamaasai walichunga ng'ombe wao katika bonde hili. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, na mwishoni mwa mwaka 1901 ikafika Kisumu. Kwa mkataba wa mwaka 1904 Wamaasai waliondolewa katika sehemu hizi za Bonde la Ufa, wengi wakapelekwa Laikipia, na huko nako wakahamishwa tena miaka michache baadaye. Nchi waliyoiacha iligawiwa walowezi kutoka Ulaya na Afrika ya Kusini.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Serikali ilifanya mpango wa kuwapa mashamba askari wa Kizungu waliotoka vitani, na mwaka 1919 kura ilipigwa Nairobi ili kujua nani apate shamba gani. Askari Waafrika hawakupewa mashamba katika mpango huo. Hali kadhalika hawakupewa wapagazi wa jeshi, waliokufa kwa maelfu kwa njaa na maradhi, ambao jina lao la Carrier Corps lingali likisikika katika Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Yafaa jambo hili likumbukwe na kila mtu asimamaye mbele ya nyumba ya zama hizo akaisifu kwa uzuri wake. Uzuri ni kweli, na hilo nalo ni kweli.

NYUMBA YA DELORAINE

Katika miteremko ya chini ya Londiani, upande huu wa Rongai, ipo nyumba iitwayo Deloraine. Ilijengwa mwaka 1920 na Lord Francis Scott, mtoto wa kabaila mkubwa wa Uskoti, Duke wa Buccleuch. Alizaliwa mwaka 1879, akawa askari, akajeruhiwa vibaya mguuni mwanzoni mwa Vita Kuu, na vita vilipokwisha akaja Kenya kulima. Jina la Deloraine ni jina la cheo cha zamani katika ukoo wake. Lord Delamere alipofariki mwaka 1931, Francis Scott ndiye aliyekuwa kiongozi wa walowezi katika Baraza la Kutunga Sheria. Nyakati hizo hapakuwa na Mwafrika hata mmoja katika Baraza hilo. Wa kwanza, Eliud Mathu, aliingia mwaka 1944. Francis Scott alifariki mwaka 1952. Binti yake, Pamela Scott, aliendelea kulima huko miaka mingi, hata baada ya uhuru, akaandika kitabu cha kumbukumbu za maisha yake.

Nyumba yenyewe ni ya orofa mbili, ina baraza pana chini na juu, na mbele yake bustani yenye majani yaliyokatwa vizuri. Ilijengwa ili hewa ya mlimani ipite, na mtu akae kivulini akitazama bonde lote. Katika miaka ya baadaye iligeuzwa kuwa nyumba ya wageni yenye vyumba vichache, nao wageni wake wengi ni wale wapendao kupanda farasi. Hawakuja kutafuta hoteli ya ghorofa kumi. Walikuja kulala katika nyumba ya kale, kula chakula cha shamba mezani pamoja, na kuamka asubuhi wakaona ukungu ukiondoka juu ya bonde.

Hapa pana somo la kwanza. Nyumba hiyo haikusalia kwa sababu ilijengwa na mtu mwenye cheo, maana nyumba nyingine za wenye vyeo zimekwisha kuwa magofu. Ilisalia kwa kuwa haikukosa mtu wa kufungua madirisha yake kila asubuhi, na katika miaka ya baadaye wageni wakaleta fedha za kununulia rangi na misumari. Nyumba isiyokaliwa hufa upesi kuliko nyumba inayokaliwa na watu wengi. Mchwa hupanda ukutani pasipo mtu wa kuuona, na jani moja lililoziba mfereji wa paa hutosha kuozesha boriti.

MIKONO ILIYOJENGA

Mwaka ule wa 1920, nyumba ile ilipojengwa, ndio mwaka nchi ilipofanywa koloni. Sheria ya kipande, iliyotungwa mwaka 1915, ilikuwa imeanza kutekelezwa baada ya vita, na kila mwanamume Mwafrika aliyetoka kwao kwenda kutafuta kazi alipaswa kuwa na karatasi hiyo. Sheria nyingine, ya mwaka 1918, iliwataka Waafrika waliokaa katika mashamba ya walowezi wafanye kazi siku zisizopungua 180 kila mwaka kwa mwenye shamba, ndipo waruhusiwe kukaa na kulima vipande vyao.

Basi mtu anaposema kwamba nyumba fulani ya Rongai ilijengwa na bwana fulani, asemalo ni nusu ya habari. Bwana alitoa amri na fedha. Watu waliochonga mawe, waliopasua mbao kwa msumeno wa mikono miwili, waliokokota magogo kwa ng'ombe kutoka msituni, walikuwa wafanya kazi wa mashambani pamoja na mafundi, na miongoni mwa mafundi wa mbao na mawe katika Kenya ya siku hizo Wahindi walikuwa wengi. Majina yao hayakuandikwa juu ya mlango. Aghalabu yamebaki vichwani mwa wajukuu, na wajukuu hao leo ni wazee.

KASRI LA NJORO

Si mbali na Rongai, huko Njoro, lipo jengo jingine ambalo wasomaji wengi wamelisikia, nalo ni kasri la Lord Egerton. Maurice Egerton alianza kulijenga mwaka 1938, vita vikamchelewesha, akalimaliza mwaka 1954. Ni la mawe, lina vyumba zaidi ya 50, na mwenyewe hakuoa wala hakuacha mtoto wa kulirithi. Alifariki mwaka 1958, miaka minne tu baada ya kulimaliza. Shule ya kilimo aliyoianzisha mwaka 1939 ilikuwa ya vijana wa Kizungu. Leo ni Chuo Kikuu cha Egerton, na watoto wa wakulima wa kila kabila husoma hapo. Kasri limekuwa mahali pa kutazamwa na wageni na pa kufanyia arusi.

Tofauti ya nyumba hizi mbili yafundisha. Kasri kubwa lahitaji mlezi mkubwa, kama chuo au Serikali, kwa sababu gharama ya kulitunza haiwezi kulipwa na vyumba vya kulala peke yake. Nyumba ya vyumba sita au minane yaweza kujilisha yenyewe, ikiwa wenyewe wana subira na hesabu safi.

NYUMBA YENYE MIFUPA YA MBAO

Katika nyanda za juu za Kenya walowezi walijenga kwa namna nyingi: kwa mawe, kwa matofali, kwa mbao za mwerezi zilizoezekwa vigae vya mbao, na pengine kwa mtindo wa kale wa Uingereza wa nguzo nyeusi zinazoonekana nje, na kati yake kuta nyeupe. Mtindo huo waweza kuonekana hata Nairobi, katika uso wa Hoteli ya Norfolk, iliyofunguliwa siku ya Krismasi ya mwaka 1904.

Wako watu wanaoutazama mtindo huu kama jambo la kigeni kabisa. Kumbe mkulima wa Rongai angepelekwa Uingereza akaonyeshwa ukuta wa namna hiyo uliobomoka kidogo, angeutambua mara moja. Mafundi wa huko walisimamisha nguzo za mti mgumu, wakaziunga kwa mihimili ya kulala na ya mshazari, wakakaza viungo kwa vijiti vya mbao badala ya misumari ya chuma. Kisha katika nafasi zilizo wazi walisuka fito, wakakandika udongo uliochanganywa na majani makavu na mavi ya ng'ombe, na juu yake wakapaka chokaa. Je, si hivyo hivyo walivyojenga mababu katika nchi hii, kuanzia pwani mpaka Ziwa la Nyanza? Udongo ni ule ule, fito ni zile zile, na ng'ombe ni yule yule.

Nyumba alimozaliwa Shakespeare, katika mji wa Stratford-upon-Avon, ni ya namna hiyo: mbao, fito na udongo. Ina umri wa zaidi ya miaka 400. Katika maisha yake marefu sehemu yake iliwahi kuwa nyumba ya wageni, na sehemu nyingine duka la nyama. Mwaka 1847 ilipotangazwa kuuzwa, watu walichanga fedha wakainunua kwa pauni 3,000 ili ihifadhiwe, na tangu hapo wageni wa mataifa yote huenda kuitazama.

Basi kwa nini nyumba ya udongo ya huko ikae miaka 400, na ya hapa ikae miaka 20? Sababu si udongo. Kwanza, mti wao ulikuwa mgumu, nao waliuweka juu ya msingi wa mawe ili usiguse ardhi yenye maji. Pili, walilifanya paa litokeze mbele ya ukuta, mvua isiupige. Tatu, hawana mchwa kama wetu. Nne, kila kizazi kiliziba nyufa na kubadilisha kipande kilichooza kabla hakijaangusha kingine. Sababu ya kwanza, ya pili na ya nne zimo katika uwezo wa mtu yeyote. Na hiyo ya tatu ina dawa yake.

JINSI YA KUIFUFUA NYUMBA YA KALE

Mwenye nyumba ya kale atakaye kuifanya hoteli ndogo asianze na vitanda wala mapazia. Aanze kwa kuitazama nyumba mwaka mzima, hasa wakati wa mvua za masika, ajue maji yanaingilia wapi na yanatokea wapi. Kisha amwite fundi mwenye kujua mbao, na kila boriti ichomwe kwa ncha ya kisu. Mahali kisu kinapozama kama katika mkate, mti umeoza.

Jambo jingine ni kujua kama nguzo zinazoonekana nje ni mifupa ya nyumba au ni mavazi tu. Katika nyumba nyingi zilizojengwa katika karne ya 20 kwa kuiga mtindo huu, mbao zilipigiliwa juu ya ukuta wa mawe au matofali ili zipendeze. Hizo zaweza kuondolewa na kurudishwa pasipo hatari. Lakini ikiwa ni mifupa kweli, mtu akiikata nguzo moja ili apate dirisha pana, orofa ya juu itamshukia.

Kazi hufuata utaratibu. Paa kwanza, kisha mifereji ya paa, kisha mitaro ya kuondoa maji karibu na msingi. Baada ya hapo ndipo mbao: sehemu iliyooza hukatwa mpaka ufikapo mti mzima, na kipande kipya cha mti wa aina ile ile huungwa kwa ulimi na tundu, ili nguzo ya zamani ibaki kwa kadiri iwezekanavyo. Kuta huwa za mwisho. Hapa mafundi wengi wa leo hukosea, kwa maana huona udongo wakakimbilia saruji. Saruji ni nzuri katika nyumba mpya ya mawe, lakini ikipakwa juu ya udongo na mbao huyafungia maji ndani, wala ukuta haupumui. Baada ya miaka michache lipu huonekana safi nje, na nyuma yake mti umekuwa unga. Ukuta wa udongo hutakiwa kutengenezwa kwa udongo, na kupakwa chokaa.

Watu wa pwani wanalijua jambo hili tangu kale. Katika mji wa Lamu nyumba za mawe ya matumbawe zilijengwa kwa chokaa, na dari zake zikashikwa na boriti za mikoko. Kwa sababu boriti hizo hazina urefu mkubwa, vyumba vya Lamu ni virefu lakini upana wake ni kama futi tisa au kumi. Mji huo uliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, mwaka mmoja baada ya Mji Mkongwe wa Unguja, na katika miji yote miwili nyumba nyingi za kale zimefanywa hoteli ndogo. Mafundi wake wa chokaa na boriti wamepata kazi ambayo ilikuwa karibu kusahauliwa.

Walakini Unguja imetoa onyo pia. Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, lilianguka sehemu yake tarehe 25 Desemba mwaka 2020, wakati kazi ya kulitengeneza ilipokuwa ikiendelea, na watu wawili wakapoteza maisha. Jengo lililoachwa muda mrefu huwa kama mgonjwa aliyecheleweshwa kupelekwa hospitali: pengine hata dawa humshinda.

Ukiisha mwili wa nyumba, ndipo yaja mahitaji ya wageni. Bafu na vyoo ni afadhali vijengwe chini, au katika jengo dogo la pembeni, kuliko kutundika maji juu ya mbao za miaka mia. Nyaya za umeme zipitishwe ndani ya mabomba, maana katika nyumba ya mbao moto hauna huruma. Pawe na njia ya pili ya kutokea. Maji ya kisima yapelekwe kupimwa, kwa sababu katika sehemu nyingi za Bonde la Ufa, Nakuru ikiwamo, maji ya chini ya ardhi yana floridi nyingi, ambayo huharibu meno na mifupa. Leseni ya hoteli hutolewa chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2011, na nyumba iliyotangazwa rasmi kuwa ya kumbukumbu hulindwa na Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006, wala haibadilishwi pasipo idhini. Ni heri mtu aulize kabla ya kuinua nyundo.

FAIDA NI YA NANI?

Mkulima aweza kusema, "Hayo yote yanihusu nini mimi mwenye ekari mbili?" Na afanye hesabu ndogo. Tuseme hoteli ina vyumba sita, na kila chumba kina wageni wawili. Kila mgeni akila mayai mawili asubuhi, hayo ni mayai 24 kwa siku moja. Ongeza maziwa, mboga, viazi, asali, kuni na kuku. Ongeza mpishi, mtunza bustani, dobi, fundi na mlinzi. Hoteli kubwa ya mjini hununua vitu vyake kwa gari zima kutoka kwa mchuuzi mmoja. Hoteli ndogo ya shambani hununua kwa jirani, ikiwa jirani ni mtu wa ahadi, aletaye kitu safi siku ile ile aliyosema. Akikosa mara mbili, gari la mjini litaitwa.

Lakini faida hiyo haiji yenyewe. Ikiwa mwenye hoteli atajenga ua mrefu na kuleta kila kitu kutoka mbali, majirani wataiona nyumba ile kama walivyoiona baba zao: mahali pa kupita mbali. Na nyumba ichukiwayo na majirani haidumu, hata paa lake liwe la shaba.

Liko na jambo la pili, ambalo halina bei. Mgeni alalaye katika nyumba ya kale hununua habari pamoja na kitanda. Huuliza, "Nani alijenga hapa?" Akijibiwa kwa jina la bwana tu, picha ya bwana ikiwa ukutani na farasi wake, amedanganywa, ingawa kila neno aliloambiwa ni la kweli. Akiambiwa pia habari za Wamaasai waliohamishwa, za kipande, za siku 180, na za fundi aliyechonga ngazi ile anayoikanyaga, ataondoka na heshima kubwa zaidi kwa nyumba, na kwa watu wa Rongai. Mtu wa Rongai naye, ambaye babu yake alibeba mawe yale, ataweza kuingia kwa mlango wa mbele na kusema, "Hii nayo ni kazi ya kwetu."

Kwa hiyo kabla ya kununua rangi, wenye nyumba wafanye jambo lisilo na gharama kubwa. Wachukue daftari, waende kwa wazee waliozaliwa katika shamba lile, waandike majina: nani alikuwa seremala, nani alikuwa mpishi, nani alichunga ng'ombe waliokokota magogo, nani alizikwa wapi. Mbao zilizooza zaweza kupatikana nyingine. Mzee akifa na majina yake, hakuna msitu wa kuyatafuta tena.

Leo, bondeni Rongai, mvua inyeshapo, maji huingia katika nyumba nyingi za kale ambazo bati moja na misumari michache ingeziokoa. Wahenga walisema kwamba asiyeziba ufa atajenga ukuta. Na wenye vyama na mashamba yenye nyumba kama hizo wangefanya vema kuzitembelea kabla ya masika yajayo, wakiwa na ngazi, kisu cha kuchomea boriti, na daftari la majina.